Boksi la Tishu

Jumamosi asubuhi mtaa wa Strip hauna pa kuweka mguu. Pittsburgh nzima hushuka kule kununua samaki, jibini na kofia za timu, na foleni ya duka la Waitaliano hutoka nje mpaka barabarani. Katika foleni hiyo, Greta Hudak, nywele fupi za rangi ya shaba na koti jeusi alilolipiga pasi mwenyewe, alisikia mtu akikohoa nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, shati la drafti, macho ya utundu, mfuko wa unga begani. Mfuko ulikuwa umetoboka na unga ulikuwa unalimwagikia lile koti taratibu. Mwanamke mwingine angewaka. Lakini Greta akiona jambo asilolielewa, hawezi kulipita.

"Hicho kikohozi ni cha uongo," alisema.

"Samahani, dada?"

"Mtu anayekohoa kweli hana muda wa kuangalia nani anamtazama."

Kijana akacheka, unga ukazidi kumwagika. "Umenikamata. Mimi mwigizaji, wiki ijayo nakufa kwa kifua kikuu jukwaani. Na wewe ni nani, polisi wa vifua?"

"Muuguzi. Wodi ya watoto mahututi. Na umenigeuza mkate."

"Mungu wangu! Basi nikufute, nikuombe radhi, nikununulie kahawa. Panga mwenyewe tuanze na lipi."

Waliishia kwenye kahawa. Kijana aliitwa Nino Sabatelli, na unga ulikuwa wa shangazi yake Carmela, maana binamu alikuwa anaoa. Kwetu harusi bila meza ya biskuti si harusi. Mashangazi wa pande zote mbili huoka mpaka mikono iwaume, na wageni huipita keki kama hawaioni. Greta aliuliza chuma cha kuokea biskuti hizo hushikwaje, na shangazi yupi hasemi na yupi. Kahawa ikapoa, wala hakuna aliyejali.

Baada ya miaka kando ya vitanda vya watoto, Greta alikuwa amerudi chuoni kusomea shahada ya juu ya uuguzi, ile inayomfanya muuguzi ampime mtoto aliyezidiwa, aandike dawa na kupitisha mrija kooni, kisha atoke kwenda kuwakabili wazazi. Mrija haukumtisha. Wazazi ndio waliomtoa jasho.

Jumatatu iliyofuata aliingia chumba cha mazoezi. Kitandani alilala mdoli wa mpira anayepumua kwa umeme. Kando yake, sweta limekunjamana na macho mekundu, alikaa "baba wa mtoto", mwigizaji aliyekodiwa na chuo ili wanafunzi wajizoeze kutoa habari nzito. Alikuwa Nino.

Greta akapagawa. Alimwaga maneno bila kupumua, mapafu, presha, mashine, na alipomaliza hakuwa amesema kitu.

Kwa desturi ya mazoezi hayo, mzazi wa kuigiza humwambia mwanafunzi alivyojisikia. "Ulinijaza maneno," Nino alisema kwa upole. "Wala hukuniuliza nimesikia nini."

"Hatua ya mwisho, Greta," alidakia mwalimu Oakes, mama mnene mwenye miwani inayoning'inia shingoni. "Kila siku unaisahau."

Jioni simu ya Nino ililia. "Wewe mtu mbaya!" Greta alisema. "Uliniacha niaibike."

"Nilikuwa kazini, mrembo. Njoo kwangu nikufundishe. Kuna pierogi za viazi na vitunguu."

Na kweli alimfundisha, jikoni, vitunguu vikikaangika. Vuta kiti ukae usawa wake. Zima simu. Weka tishu karibu. Muulize anaelewa nini mpaka sasa. Mtahadharishe kwamba jambo ni zito. Liseme kwa maneno machache, unyamaze. Kisha muulize amesikia nini. Walipofika kwenye kunyamaza, Nino alimbusu. Kesho yake, kwa uungwana, alimwomba mwalimu Oakes asimpange tena na Greta.

Walipendana mwaka mzima, kwa ubishi na vicheko. Kisha hospitali ya Albuquerque, upande wa pili wa nchi, ikampa Greta kazi ya wodi ya watoto mahututi. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Aliitaka kazi ile. Lakini alimtaka Nino zaidi. Akaamua kumwomba waoane, waende wote, ila aliogopa kukataliwa.

Mtu akiogopa hufanya alichozoea.

Alhamisi jioni Nino alifika na maua. Greta alikuwa amevaa gauni la kijani na hereni za bibi yake, mzuri ajabu. Lakini Nino hakuona gauni. Aliona kiti kimevutwa, simu imezimwa, na katikati ya meza, boksi la tishu.

"Kaa, mpenzi. Kabla sijasema, niambie, unaelewa nini mpaka sasa kuhusu sisi?"

Nino alikaa, maua bado mkononi. Swali hilo alikuwa ameulizwa na wanafunzi wasiohesabika, na kila mara baada yake mtoto alikufa.

"Nina jambo zito la kukuambia," Greta aliendelea, akanyamaza kama alivyofundishwa.

"Usijisumbue." Nino alisimama. "Mwisho wake naujua. Huwa nalipwa kuulilia."

Mlango ukafungwa. Greta alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena. "Nino, hukunisikiliza."

"Nilisikia vizuri tu." Ikakatika.

Ijumaa mwalimu Oakes alimkuta Greta ameinamia kitanda cha mdoli, analia. Aliposimuliwa yote, alicheka mpaka akajishika ubavu.

"Mwanangu, umemtangazia msiba mtu unayemposa! Hatua ya mwisho je?"

"Aliondoka kabla."

"Mzazi akitoka chumbani tunamwacha ukumbini peke yake? Mfuate!"

Jumamosi hiyo Pasaka ilikuwa karibu, na shangazi Carmela lazima angehitaji unga. Greta alimkuta Nino kwenye foleni ileile, hajanyoa, mfuko begani. Safari hii hapakuwa na kiti wala faragha.

"Niambie ulisikia nini," alisema mbele ya watu wote.

"Kwamba unaniacha."

"Nilisema hivyo?"

"Greta, ulivuta kiti! Uliweka tishu!"

"Tishu zilikuwa zangu, mjinga wewe! Nilijua nitalia nikikuomba unioe!"

Mzee mmoja aliyeshika jibini akasahau kulipia.

"Nimepata kazi Albuquerque," Greta alisema. "Naitaka. Na nakupenda, sitaki kwenda bila wewe."

Kisha alinyamaza. Ndipo alipojua kwa nini somo lile lilimshinda, maana kungoja uso wa mtu unayempenda ni kazi ngumu kuliko mrija wowote.

Nino alitua mfuko chini. "Huko wana chuo cha wauguzi?"

"Wanacho."

"Basi watahitaji baba wa kulia." Akatoa simu. "Shangazi? Ukimaliza biskuti za Pasaka, kile chuma usikirudishe kabatini."

Sauti ya Carmela ilisikika mpaka kwenye samaki. "Nani anaoa?"

"Mimi."

"Yule muuguzi wa maswali? Mlete Jumapili baada ya misa, aje aoke na wenzake. Na usimfiche kwamba wanaume wa kwetu hawajui kufagia unga!"

Greta alimkumbatia akilia na kucheka, unga wa begani kwa Nino ukamjaa kifuani. Nino alitafuta tishu mifukoni, hakuna, akamfuta machozi kwa mkono wa shati lake la drafti.

"Haya, muuguzi," alinong'ona. "Hatua ya mwisho. Umesikia nini?"

"Kwamba tunaenda wote," Greta alisema.