Jiwe la Malkia huko Aldersby

Haya yalimpata Winifred Tansley, rafiki yangu ninayefanya naye kazi maktabani. Yeye na mumewe, Desmond, hutumia Jumapili kwa mchezo wa kutafuta visanduku ambavyo wachezaji wenzao huvificha na kuvitangaza kwa vipimo vya ramani. Kanuni yao ni kwamba ukitoa kitu kisandukuni, sharti uweke kingine.

Jioni moja ya Novemba, kifaa chao cha mkononi, kinachoonyesha umbali hadi kisandukuni, kiliwafikisha Aldersby, kwenye jiwe ambalo, karne saba zilizopita, wabebaji walitua jeneza la malkia juu yake. Kisanduku kilikuwa chini ya jiwe hilo. Winifred akachukua humo ushanga mweusi, naye hakuwa na kitu mfukoni.

“Weka hata kifungo, mke wangu.”

“Acha ulokole, Des. Nani atajua?”

Walipofika garini, giza lilikuwa limeingia. Desmond akatazama kifaa.

“Mita mia mbili hadi kisandukuni,” akasema. “Mia na hamsini. Mbona inapungua, na sisi tumesimama?”

Ndipo waliposikia nyayo kwenye kokoto, za watu wengi, zikikanyaga kwa pamoja, polepole. Njia ilikuwa tupu.

“Tisini. Winnie, karudishe huo ushanga!”

“Nipitie wapi, nao wanatokea huko huko?”

Wakajifungia garini, Winifred akipapasa ufunguo. Kifaa kilionyesha arobaini, kisha kumi, kisha tatu. Nyayo zikakoma nyuma yao.

Halafu sehemu ya nyuma ya gari ikashuka taratibu, kama lishukavyo gari linapopakiwa mzigo mzito.