Nafasi ya Tano

Kadi zilikuwa nne, zilizojibu zikawa tano. Jepchirchir alihesabu tena kwenye skrini, akaweka mkono juu ya tumbo lake la miezi minane, akajiambia kwamba leo hana nguvu za mambo haya.

Karakana ya Munene pale Munyaka ilitengeneza mitambo ya kukausha mahindi. Ndani ya kila mtambo kadi nne za kielektroniki zilizouendesha zilitumia njia moja ya mawasiliano, na moja ikikosea, njia nzima huziba. Hapo programu ya Jepchirchir husimamisha zote, huifungua njia upya, kisha huita kila nafasi yenye kadi kwa namba yake: upo? Isiyojibu hukatwa. Lakini wakulima wa kule Turbo walikuwa wamemchosha kwa simu, mahindi yanaoza kisa kadi imechelewa kuitika ikakatwa, na huruma ikamponza. Akaiandika upya iite nafasi zote nane, zenye kadi na zilizo tupu, iite bila kukata tamaa mpaka apatikane wa kuitika.

"Munene, kuja uone. Hapo namba tano hakuna kitu, lakini imejibu."

"Hiyo ni noise tu ya stima, Chirchir. Wateja wanakuja Friday. Wachana nayo."

Kuachana nayo! Kila alasiri, mvua ikipiga mabati, namba tano iliitika, chumba kikanuka udongo uliotoka kuchimbwa, na mtoto aliyekuwa akipiga mateke tangu asubuhi akatulia tuli. Alhamisi alizima umeme, akang'oa kadi zote, akauwasha mtambo tena, na nafasi zote zikanyamaza isipokuwa ile, ambayo sasa haikungoja kuitwa, iliitika tu, ikaitika na kuitika mpaka skrini ikajaa mistari yake juu hadi chini, harufu ikajaa chumba kizima, tumbo likawa zito na baridi kama jiwe la mtoni, naye akafunga macho akiomba mtoto wake apige teke hata mara moja, Mungu wangu, mara moja tu.

Jioni alimweleza bibi yake, ambaye wote nyumbani walimwita Kogo. Kikongwe aliisahau chai yake.

"Sisi huita majina ya waliokufa mtoto akishazaliwa," Kogo alinong'ona. "Moja moja, mpaka apige chafya. Akipiga chafya kwa jina fulani, huyo ndiye amerudi. Lakini tunaita watu wetu, tunawajua. Wewe uliita nani?"

"Sikuita mtu, Kogo. Niliita pahali hakuna mtu."

"Na hapo ndio umeitikiwa. Sasa kinatafuta mwili. Enda ukifungie mlango kabla hujazaa."

Ijumaa, kabla wateja hawajafika, Jepchirchir aliibadilisha programu tena: iite mara tatu, kisha itangaze nafasi imekufa, ikate. Munene alilalamika. Namba tano iliitwa mara tatu na, kwa kuwa alasiri ilikuwa bado, haikuitika. Ikakatwa. Harufu ikaondoka, na mtoto akapiga teke kali hivi kwamba mama yake akalia machozi mbele ya mafundi wa karakana.

Wiki tatu baadaye alijifungua msichana, akarudi nyumbani. Wanawake walikaa kumzunguka, Kogo akapitisha ugoro karibu na pua ya mtoto, wakaanza kuita. Kobilo. Tapsubei. Wakaita upande wa mama, wakaita upande wa baba, wakafika kwa watu ambao makaburi yao hakuna aliyeyajua. Mtoto hakupiga chafya. Hakulia. Alasiri ikaisha, sauti zikakauka, na wengine wakaanza kutazama chini.

"Fikiria, mama," Kogo alisema polepole, asimtazame usoni. "Kuna mwenye tumesahau?"

Jepchirchir alikuwa amechoka, amechoka mpaka mifupani, na kulikuwa na neno moja tu la kusema, namba ile, ili wote wakalale. Lilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akauma ulimi.

"Hakuna," akasema.

Mtoto alikuwa amekodoa macho, akiutazama mdomo wa mama yake, akingoja.