Mkaratusi wa Sanyuanli

Sufuria lilikuwa bado halijachemka, lakini mvuke ulishajaa chumba, na ulinuka chumvi. Careen alimtazama mumewe. Kassian akapiga miayo.

"Majani yana nguvu hayo. Si nilikwambia?"

Alikuwa amemwambia mengi huyo bwana. Kwamba viza zikiisha atazishughulikia. Kwamba msako ni wa siku mbili tatu tu. Sasa wamejifungia chumbani mtaa wa Sanyuanli kama panya, Careen anakohoa, hospitali wanadai pasipoti, na polisi wa Kichina wanapita mlango kwa mlango wakitega masikio. Wakisikia kikohozi kimoja tu, ni mahabusu, kisha ndege ya kurudishwa.

Ikabaki nyungu, kujifukiza kwa majani. Bimkubwa, jirani yao kutoka Mombasa, ndiye aliyewaonyesha mkaratusi nyuma ya jengo.

"Huo mti umeletwa huku toka ng'ambo ya bahari, mgeni kama sisi," mama huyo alimwonya Kassian. "Una wenyewe. Uamkie kwanza, utupie sarafu, ndiyo uchume."

"Kwani majini nayo yana viza?" Kassian alicheka. Akavunja tawi zima, akaukojolea mti, akarudi anajisifu. Careen alimdharau mpaka akajionea haya kuitwa mkewe.

Sasa akajifunika blanketi pamoja na sufuria lake. Akavuta pumzi, kifua kikafunguka. Akavuta tena, na mle gizani mtu mwingine akavuta pamoja naye, na magoti ya baridi, yanayobanduka magamba kama mti ule, yakayagusa magoti yake, na harufu ya mkojo ikapanda pamoja na chumvi mpaka machozi yakamtoka.

"Nani kanivunja?" sauti ikauliza taratibu.

Nje ya blanketi Kassian aliisikia. "Mke wangu," akanong'ona upesi. "Mimi nilibeba tu."

Jini likasonya.

Hapo mlango ukagongwa. Kikohozi kikampanda Careen kooni, mkono wa baridi ukamziba mdomo, na kikohozi kilekile, chake kabisa, kikatokea kinywani mwa Kassian, kikamkunja, kikamtapisha majani mabichi. Polisi wakavunja mlango, wakamkamata.

"Na yeye yupo! Chini ya blanketi!" Kassian akapiga kelele kwa Kiswahili, akiwaonyesha kwa kidole.

Askari akalifunua blanketi. Akamtazama Careen usoni, hakuona kitu, akaliachia.

Vishindo vikaishia ngazini. Careen akashusha pumzi, akaushika ule mkono ili autoe mdomoni. Ukakaza.