Fundi Kifungo na Homa ya Mama Mkwe

Mtaani walimwita Fundi Kifungo, na jina lilimfaa. Hakuwahi kutupa kifungo maishani mwake. Shati likichakaa, alikata vifungo vyake kwanza, kisha shati likawa tambara la kudekia. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa karakana. Cherehani ilikaa karibu na dirisha. Ukutani palikuwa na rafu ya makopo: vifungo vyeupe, vifungo vyekundu, zipu nzima, uzi uliobaki.

Kopo la mwisho lilikuwa la dawa. Mtu wa nyumbani akipata nafuu na vidonge vikabaki, Fundi Kifungo alivitoa kwenye karatasi zake, akavipanga kwa rangi kama vifungo.

"Akiba haiozi," alisema.

Majirani walikuja kuomba kimoja au viwili, naye aliwapa kwa moyo mweupe. Ukarimu alikuwa nao. Elimu ya dawa ndiyo hakuwa nayo.

Aliishi na mume wake, ambaye ni mwashi, pamoja na mama mkwe wake. Wapo wanaosema mama mkwe ni mzigo. Kwa Fundi Kifungo haikuwa hivyo. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa mdogo. Huyu mama mkwe ndiye aliyemfundisha kukata kitambaa, kupiga pindo, hata kuwajibu wateja wakorofi. Alimwita Mama tu, bila kuongeza neno mkwe.

Siku moja Mama alianza kuinuka mara kwa mara. Alikwenda msalani, akarudi, akaketi, akainuka tena. Chai aliisukuma pembeni.

"Mama, una nini?"

"Uzee tu, mwanangu. Wewe shona."

Lakini Fundi Kifungo alimwona akitoka msalani ameuma midomo. Akaacha cherehani, akachuchumaa mbele yake.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Niambie, Mama."

Mama alitazama mlangoni kwanza. "Nikienda haja ndogo naungua," alinong'ona. "Na usimwambie mumeo. Naona aibu."

Fundi Kifungo akashusha kopo la dawa. Mkono wake ulisita kati ya vidonge vya rangi mbili na vile vyeupe. Akachagua vyeupe.

"Hivi alikunywa mwanao alipokanyaga msumari. Mguu ulijaa usaha, lakini ulipona. Kama viliuweza usaha ule, vitashindwa na maumivu haya?"

Mama akameza. Alimwamini.

Maumivu yalipoa kidogo, vidonge vikaisha. Kisha ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Asubuhi moja Mama alishindwa kuinuka kitandani. Mwili ulikuwa wa moto, huku yeye akitetemeka kwa baridi. Alishika mgongo chini ya mbavu, akatapika. Fundi Kifungo aliogopa sana. Alikwisha kumzika mama mmoja. Mume alikuwa kazini, kwa hiyo aliita teksi, wakaenda kituo cha afya wawili tu.

Tabibu alikuwa mama mnene mwenye miwani inayoteleza puani. Alimpima Mama joto, akamgonga mgongoni taratibu. Mama akaguna kwa maumivu.

"Kuna dawa mmetumia nyumbani?" aliuliza.

Fundi Kifungo alifungua mdomo, lakini Mama akamtangulia.

"Nilimeza mwenyewe. Nilivikuta rafuni."

Fundi Kifungo machozi yakamlenga. Mama ameshikwa na homa, na bado anamkinga.

"Si hivyo, daktari. Mimi ndiye niliyempa. Vilimponya mume wangu mguu uliojaa usaha."

Tabibu hakufoka. Alitazama futi ya kupimia nguo iliyoning'inia shingoni mwa Fundi Kifungo. Fundi alikuwa ametoka nayo nyumbani bila kujua.

"Kumbe wewe ni fundi. Hebu niambie, ungemshonea Mama gauni kwa vipimo vya mumeo?"

Mama alicheka licha ya homa. "Mwanangu ana kifua kama mlango. Ningepotelea humo."

"Basi na dawa ni hivyohivyo," tabibu alisema. "Vidonge vinavyotolewa kwa usaha huwa ni antibiotiki, dawa za kuua bakteria. Lakini bakteria ni wa aina nyingi. Wale wa kidonda cha mguu mara nyingi si wale wa mkojo. Dawa inayowaweza hawa, wale wanaicheka tu. Ndiyo maana kwanza tunauliza ugonjwa uko wapi, halafu tunapima."

"Mbona alipata nafuu?"

"Huenda walikufa baadhi. Waliobaki wamepanda, naona wamefika kwenye figo. Tena bakteria wakipewa dawa isiyofaa, wale sugu ndio wanaobaki, wanazaana. Kesho dawa hiyo haimsaidii Mama, wala wewe, wala jirani."

Kisha akamgeukia Mama. "Kuna dawa iliyowahi kukudhuru?"

"Ipo moja. Nilipomzaa mwanangu nilichomwa sindano ya penisilini. Uso ulivimba, pumzi zikanibana. Wauguzi walihangaika nami kweli."

Habari hiyo Fundi Kifungo hakuwahi kuisikia.

"Kwenye akiba yako kuna vidonge gani vingine?" tabibu alimuuliza.

"Vya rangi mbili."

"Vinaitwaje?"

"Sijui. Nilivitoa kwenye karatasi zake."

"Rangi haisemi kitu. Kila kiwanda kina rangi zake. Huenda ni jamii ya penisilini, huenda sivyo. Mimi sijui, na wewe hujui. Kama ndivyo, kimoja kingeweza kumuua."

Fundi Kifungo alikumbuka mkono wake ukisita juu ya kopo. Akalia palepale, mbele ya watu. Mama akanyoosha mkono, akamshika kidole.

"Nyamaza, mwanangu. Nipo."

Mama alipewa chupa safi, akaleta mkojo. Sehemu ilipimwa hapohapo. Sehemu nyingine ilipelekwa maabara, ili bakteria waoteshwe na kujaribiwa kwa dawa mbalimbali. Majibu hayo huchukua siku kadhaa, na figo haziwezi kungoja. Kwa hiyo tabibu alianza na sindano inayofaa kwa figo, ambayo si ya jamii ya penisilini. Mama akalazwa.

Majibu yalipofika, homa ilikuwa imeshuka na Mama alikuwa ameanza kudai chai.

"Tumemjua adui," tabibu alisema. "Zipo dawa asizozijali kabisa, lakini hii anaiogopa, na ni ya vidonge. Mama atameza kwa saa zake mpaka siku ya mwisho niliyoandika, hata akijiona mzima. Akitoka vipele, akivimba, au homa ikirudi, mrudi mara moja."

"Na mafua?" Fundi Kifungo aliuliza. "Majirani huniomba vidonge vya mafua."

"Mafua huletwa na virusi. Antibiotiki haziui virusi. Utawapa bure, na madhara juu."

Waliporudi nyumbani, Fundi Kifungo alichukua akiba yake yote ya dawa, akaipeleka kwa mfamasia wa kituo ikateketezwe salama. Hakuimwaga chooni wala jalalani. Jirani alipokuja kuomba vidonge vya mtoto mwenye kamasi, alijibiwa kwamba duka limefungwa.

"Mpe vinywaji, apumzike," alimwambia. "Akipumua kwa shida au akikataa kunywa, usije kwangu. Mpeleke kituoni."

Mama alimeza kidonge cha mwisho akiwa ameketi kwenye kiti chake. Hakuungua tena, na usiku alilala.

"Mama, kwa nini ulinikinga kwa tabibu?"

"Mtoto nilimzaa mmoja, tena wa kiume. Aibu zangu nimwambie nani kama si wewe? Wewe ndiye binti yangu."

Fundi Kifungo akafuta macho kwa kipande cha kitambaa.

"Basi usinifiche tena maumivu."

"Sitakuficha. Na wewe usinitibu tena."

"Sikutibu."

Mama akashika shavu. "Haya, nianze leo. Jino hili la nyuma linaniuma tangu juzi."

Fundi Kifungo aliweka mkasi mezani.

"Vaa viatu, Mama. Twende kabla hawajafunga."