Kufuli Juu ya Kapo

Kila asubuhi, kabla ya chai, Kitsa wa Musienene alilifuta gari lake. Lilikuwa dogo, jekundu, jipya kutoka duka la magari la Butembo. Nailoni za viti hakuzitoa. Juu ya kapo, yaani mfuniko wa moteri au injini, alipitisha mnyororo na kufuli, kwa sababu ilikuwa miaka ya vita na betri za magari ziliibwa ovyo. Ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na rozari.

Gari hilo alilinunua kwa ajili ya binti yake, Kavuo. Katika mimba ya kwanza, Kavuo alibebwa kwa machela hadi hospitali ya Butembo, na mtoto hakufika hai. Sasa alikuwa mjamzito tena, na Kitsa aliapa kwamba safari hii atapanda gari.

Jumapili moja, baada ya misa, jirani yao Sikuli aliwapitia. Alikuwa fundi katika karakana ya duka lile lile.

"Papa Kitsa, gari ilishapita kilometa elfu moja. Ulishafanya vidange ya kwanza, kubadirisha mafuta ya moteri?"

"Ya nini? Iko mupya. Haiko na ugonjwa."

"Hata mutoto mwenye hana ugonjwa, mama anamupeleka bamupime."

Kitsa alipunguza sauti. "Mafundi banatoa vyuma vipya, banaweka vizee. Mimi, mafuta ikipunguka, nitaongeza juu."

"Lakini kapo iko na kadna, hii kufuli. Utajua aje kama ilipunguka?"

Mke wa Kitsa, Berthe, akaweka sahani chini. "Baba Kavuo, hii gari ikikufa mu njia, mutoto wako atafanya namna gani?"

Neno hilo lilimchoma. Kesho yake alikuwa karakanani.

Sikuli alimpa kiti karibu na gari. "Ikala hapa, uangalie kila kitu."

Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi. Sikuli aliyapaka kidoleni, na ndani yake vikameta vipande vidogo sana vya chuma.

"Ona, papa. Mu moteri mupya, vyuma vinasuguana, vinaacha unga. Ukiongeza mafuta juu, ni sawa kuongeza maji safi mu matope. Lazima kutoa yote, kuweka ingine, na kubadirisha filtre, chujio yake."

Kisha akagonga filtre ya hewa. Vumbi la barabara ya Musienene likamwagikia viatu vya Kitsa, naye akaona aibu kidogo. Sikuli akakaza nati, akapima breki na maji. Mwisho akamfundisha kutumia joji, kile kijiti cha kupimia mafuta.

"Asubuhi, moteri ikiwa baridi, gari mahali sawasawa. Toa, panguza, rudisha, toa tena. Mafuta ibaki katikati ya hizi alama mbili. Kadna baki nayo, lakini fungua."

Tangu hapo Kitsa alifungua kila asubuhi.

Uchungu ulimshika Kavuo siku ya soko, mvua ikinyesha. Gari lilipanda vilima vyote hadi hospitali ya Butembo bila kukohoa. Kabla ya jioni Berthe alitoka wodini na kumkuta mumewe uani, kapo wazi, joji mkononi.

"Baba Kavuo, mujukuu wako anakungojea. Ni mwanamuke."

"Nakuja. Nilikuwa nashukuru huyu kwanza."

Aliingia akilia kwa furaha, akanyoosha mikono ampokee mtoto. Kavuo aliitazama mikono ile, myeusi kwa mafuta, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule mbaya.

"Papa, nawa kwanza."