Makopo Manne ya Krimu

Dolphine Nyanchoka alikuwa juu ya kiti, akitundika gauni la manjano kwenye kibanda chake cha mitumba mjini Migori, aliposikia mwanaume akisema nyuma yake, "Kwani hili jua halikuoni? Watu wote wameungua, wewe peke yako unang'aa."

Akageuka. Alikuwa Ogola, fundi wa simu kutoka Homa Bay, shati jeupe limepigwa pasi, tabasamu la mtu asiye na haraka. Hakununua chochote, lakini aliondoka na namba ya simu ya Dolphine.

Sifa ile ilimwingia. Mng'ao wenyewe ulitoka kwenye kopo dogo la krimu ya kujichubua, lisilo na jina, alilonunua kwa mchuuzi wa stendi. Tangu siku hiyo akawa anajipaka asubuhi na jioni, uso, shingo na mikono, akiogopa kwamba akirudi kuwa mweusi, Ogola atamwacha.

Kisha makopo yakaanza kupotea. La kwanza alidhani amelisahau bafuni. La pili lilipotea siku Ogola alipomtembelea. La tatu vilevile.

"Mwanaume haibi krimu ajipake," alisema Lorine, jirani yake wa kibanda. "Anapelekea mtu, dada. Amka."

Alhamisi Dolphine akampigia Ogola simu. "Uko wapi, mpenzi?"

"Kwa dada yangu, nyar Kisii. Nimemiss sauti yako," alijibu. Nyar Kisii, binti wa Kisii, ndivyo alivyomwita kwa Kijaluo.

Nyuma ya sauti yake kwenye simu, mwanamke akacheka.

"Huyo ni nani?"

"Si nimekuambia? Dada."

"Kila mwanamke ni dada siku hizi." Akakata.

Kopo la nne aliliacha mezani makusudi, akamwacha Ogola peke yake chumbani, akaenda kuchota maji. Aliporudi, meza ilikuwa tupu. Kesho yake alivaa gauni lake la bluu akamfuata Homa Bay. Hata gari lilipopita Rodi Kopany, karibu na kufika, alikuwa bado anapanga matusi. Stendi walimwelekeza nyumbani kwa dada wa fundi.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mweusi, aliyejifunga leso. Dolphine aliutazama uso wake kwanza, akitafuta krimu yake. Haikuwepo.

"Wewe ndiye nyar Kisii? Karibu. Mimi ni Akeyo, dada yake Ogola."

Akamimina chai. Mkono ulimtetemeka hadi chai ikamwagika mezani, na Ogola, aliyekuwa ameketi ndani, akampokea chupa.

"Makopo yangu yako wapi?" Dolphine aliuliza.

"Chooni. Yote manne," Ogola alijibu.

"Chooni?"

"Dada alikaa machimboni Masara miaka saba, akichanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu. Alipoanza kutetemeka, hospitalini walimwuliza kama anajipaka krimu pia. Walisema nyingine zina zebaki hiyohiyo, hasa zisizo na lebo. Nikakumbuka kopo lako."

"Ukanyamaza. Ukaiba."

"Ningesema nini? Mimi ndiye niliyekusifu unang'aa. Niliona aibu."

"Ulinisifia nini basi?"

"Nilitaka ugeuke tu! Ningesifu hata ndala zako."

Akeyo akacheka, kicheko kile cha kwenye simu. Dolphine hakucheka. Aliacha krimu siku hiyo, lakini hakuacha shaka kwamba bila mng'ao Ogola atamwacha.

Wiki zilizofuata uso wake ukawa na mabaka, huku peupe, huku peusi. Akawa anajifunga mtandio hadi puani.

"Washa kamera nikuone, jaber, mrembo wangu," Ogola alimbembeleza kwenye simu.

"Bando limeisha."

"Nimekutumia."

"Kamera imeharibika."

"Dolphine, mimi ni fundi wa simu."

Akakata.

Jumapili moja, soko likiwa limejaa, Ogola akatokea kibandani bila kupiga simu. Dolphine akavua mtandio makusudi, akasimama juani, akamkazia macho aone kama atakwepa. Ogola aliyatazama mabaka, moja moja, kama mtu anayesoma barua.

"Desemba nataka kuja kwenu Kisii na wazee wangu."

"Na uso huu?"

"Kwani utauacha Migori?"

Lorine akaacha kuhudumia mteja. Dolphine akatafuta uongo machoni mwa mwanaume yule, akatafuta tena, akaukosa.

"Desemba ni mbali," alisema. "Waambie wazee waje mapema."