Sahani ya Papa Elodie

Siku Gustave aliporudi nyumbani Bunia, baada ya kupotea mwaka mmoja na miezi miwili, alikuta chakula chake kiko mezani. Bugali bado ilitoa mvuke, sombe ya majani ya muhogo ilikuwa pembeni, na juu yake samaki mmoja mzima. Naye hakuwa amemtumia mtu yeyote habari kwamba anakuja.

Alifurahi, na nani asingefurahi? Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na yeye alikuwa amekwama ng'ambo ya ziwa, Uganda, tangu vita ilipofunga barabara ya Kasenyi alikokwenda kununua samaki. Mkewe Régine alikuwa bado analia begani mwake. Elodie, binti mkubwa wa miaka saba, alikuwa amemng'ang'ania mkono. Gustave akavuta kiti chake cha zamani. Juu yake alilala paka mkubwa wa kijivu, mgeni kwake, na paka yule hakuonyesha nia yoyote ya kuhama. Akamsukuma, akakaa, akanyoosha mkono kwenye bugali.

"Si yako," alisema Prudence, binti mdogo, ambaye baba yake alimwacha hajajua kutembea sawasawa. "Hii ni ya papa."

"Mimi njo papa."

Mtoto alimkagua usoni. Kisha akatazama kona ya chumba, kama anayetaka kuhakikisha, akatikisa kichwa.

Régine alicheka kwa aibu, akaeleza. Mama yake, kule Bule, alimfundisha kwamba mtu aliyepotea vitani bila maiti kuonekana haliliwi, anapakuliwa. Kila jioni unamwekea sahani yake na kumwalika kwa sauti, ili popote alipo ajue bado ana kwake. Ukiacha, umemzika kwa mkono wako mwenyewe.

"Kila siku nilikuwa nasema, Papa Elodie, karibu chakula. Na unaona, umerudi."

"Na nani alikuwa anakula?"

"Hii paka. Komanda."

Watoto ndio waliompa jina hilo la kamanda wa jeshi, kwa sababu aliingia pamoja na vita na alichukua alichotaka bila kuomba. Alifunua sufuria zilizofunikwa kwa mawe. Alilala ndani ya unga. Majirani watatu walikuwa na alama za kucha zake. Hata hivyo nyumba nzima ilimpenda, na kabla wiki haijaisha Gustave alikuwa anamwonea wivu, jambo ambalo mwanaume mwenye ndevu hawezi kumsimulia mtu.

Lakini kilichomuuma hasa hakikuwa paka, alikuwa Prudence. Hakupokea chochote kutoka mkononi mwake. Alimpa muwa, akaukataa. Alimwimbia, akaziba masikio. Kila akimegewa tonge alikwenda nalo hadi ile kona, akasimama pale akinong'ona na kucheka, halafu anarudi mikono mitupu. Tena nyumba ilinuka tumbako. Gustave hakuwahi kuvuta tumbako maishani mwake, na upande wake wa kitanda ulikuwa na bonde la mtu mpana kuliko yeye. Mwanaume akishaona bonde la namna hiyo, akili yake haiendi kwa majini, inakwenda kwa majirani.

"Nani alikuwa anakuya hapa?" alimuuliza Régine asubuhi moja, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie.

"Kuya kufanya nini?"

"Usinifanye mujinga. Nyumba inanuka tumbako."

Régine aliacha kutwanga sombe. "Papa Elodie, mutu hakuna. Nililala hapa na watoto wako, masasi ya bunduki inalia usiku muzima, mimi na hii paka. Mutu hakuna."

Aliamini nusu. Ile nusu nyingine ilibaki kooni.

Hasira zake zikamwangukia paka. Kila Gustave alipokaa kula, Komanda aliruka mezani, manyoya yamesimama, akanguruma, si kwa kumtazama Gustave bali pale karibu na bega lake ambapo hapakuwa na mtu. Halafu anapora samaki na kukimbia. Siku alipomkwaruza mkono mpaka damu, Gustave alimtia ndani ya gunia, akalifunga kwa kamba, akamkabidhi dereva wa lori la kwenda Iga Barrière amtupe huko huko. Elodie alilia mchana kutwa. Paka akitoka panya hutawala, kila mtu anajua, ila Gustave aliwaza panya wa miguu minne tu.

Kesho yake alikwenda uani kunawa mikono. Aliporudi, sahani ilikuwa tupu, safi kama iliyooshwa. Alidhani ni watoto. Siku ya pili ikawa vilevile, na siku hiyo watoto walikuwa wamesimama uani pamoja naye.

Siku ya tatu alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni, jua bado kali, Elodie akikusanya vipande na Prudence akiwa kwa jirani, aliposikia ndani ya nyumba sauti ya mwanaume ikisema polepole, "Régine, leta chumvi," na shoka likamkwama hewani, kwa sababu sauti ile ilikuwa yake mwenyewe, na kikohozi kidogo kilichofuata kilikuwa chake, na Régine akaitika "Ndiyo, papa," kisha akacheka, kicheko kirefu cha chini, kile cha mwaka wao wa kwanza wa ndoa, kicheko ambacho tangu arudi hakuwa amekipata hata mara moja, na kabla hofu haijamfikia wivu ulikuwa umeshamkamata shingoni na kumsukuma hadi mlangoni, shoka mkononi, akiwa tayari kuua mtu.

Régine alikuwa peke yake. Alisimama na kopo la chumvi, akiinamia kile kiti, bado anatabasamu. Aligeuka, akamwona mumewe mlangoni, na kopo likaanguka.

"Kama weye iko pale," alinong'ona, "nani iko kwa kiti?"

Gustave aligusa kiti. Kilikuwa cha moto, kama kinavyokuwa mtu akiinuka sasa hivi.

Walimwita Mama Emerance, kiongozi wa kikundi cha maombi, mwanamke mfupi mwenye sauti kavu. Alikuwa amefukuza pepo wengi miaka ile, maana vita haikuleta bunduki peke yake. Alikataa kukaa. Alizunguka chumba, akanusa ile kona, akamgeukia Régine.

"Ulikuwa unaita nani, mama?"

"Bwana yangu."

"Kwa jina gani?"

"Papa Elodie." Régine alishangaa kuulizwa. Mke mwenye adabu hatamki jina la mumewe, humwita baba wa mtoto wake wa kwanza, na yeye hakuwahi kulitamka hata siku ya kugombana.

"Njo vile. Uliita kiti, haukuita mutu. Kitu ilikuwa inapita inje, inasikia njaa, haina nyumba, ikasikia kiti inaitwa. Kasenyi wanasema jini, siye tunasema pepo. Ikakuya, ikakaa. Sasa mwenye kiti amerudi, na inamuonea wivu."

"Na paka?" Gustave aliuliza, na tayari aliogopa jibu.

"Mwenye anakula sahani ya baba njo baba. Paka alikuwa anainyima. Weye umefukuza askari yako mwenyewe, papa."

Gustave aliinamisha kichwa. Mama Emerance akawaambia la kufanya. Jioni hiyo, kabla jua halijazama, sahani iwekwe, na kila mtu wa nyumba amtaje baba kwa jina lake la ubatizo. "Kila mutu," alirudia. "Kama mumoja anabakia bila kumutaja, inabakia naye."

Jua lilikuwa bado juu ya mabati walipokusanyika. Régine alifungua mdomo mara mbili bila sauti, kama anayejaribu kutema mwiba.

"Gustave," alisema mwishowe. "Gustave, karibu chakula."

Kiti kilisogea nyuma chenyewe.

"Papa yangu ni Gustave," alisema Elodie.

Harufu ya tumbako ilipanda mpaka machozi yakawatoka, na katikati yake zikasikika hatua, nzito, za mtu aliyeudhika, zikitoka kwenye kona na kuzunguka meza, zikapita karibu sana na Gustave hata akahisi bega likimkumba, bega la joto, pana kuliko lake, kisha mlango ukafunguka na hewa ikawa nyepesi. Fahali wawili hawakai zizi moja. Gustave alipumua. Kwa mara ya kwanza tangu arudi, aliona nyumba ni yake.

Mama Emerance aliinama kwa mtoto. "Na weye, mupenzi? Papa yako ni nani?"

Prudence alimtazama Gustave kwa muda mrefu. Gustave alimega samaki akamnyooshea, na moyoni alimwomba, niite, mwanangu, niite hata kwa kukosea. Prudence akaja. Akapokea kile kipande, mara ya kwanza kabisa kupokea kitu chake, na Gustave akataka kucheka kwa furaha.

Mtoto akampita. Alikwenda hadi kizingitini, akainua kile kipande juu.

"Papa, karibu."

Samaki akatoweka vidoleni mwake. Prudence akatabasamu, akanyoosha mikono yote miwili kama mtoto anayetaka kubebwa, na miguu yake ikaacha ardhi.

Régine alipiga yowe. Gustave aliruka, akamkamata vifundo vya miguu, akavuta kwa nguvu zake zote, na kule juu mwingine naye alivuta, kwa nguvu za mzazi asiyekubali kunyang'anywa. Prudence hakutazama chini. Aliinua uso, akaanza kulia.

"Papa," alishtaki, "mutu ananivuta miguu."